Mimweko Miwili Iliyoinasa Nyutrino

Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alidai kwamba atomi zinapotoa miale ya beta, sehemu ya nishati huondoka na chembe isiyo na chaji ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Chembe hiyo, nyutrino, hupita katikati ya dunia nzima kama vile haipo. Ilichukua robo karne kuinasa, na kilichofanikisha kazi hiyo ni mpangilio wa wakati.

Sintileta ni dutu inayomweka inapopitiwa na chembe yenye nishati. Mwanga wake ni hafifu, lakini mrija wa kukuza mwanga huugeuza kuwa elektroni chache, kisha huzizidisha hatua kwa hatua hadi zitoe ishara ya umeme inayopimika. Ubora wake mkuu ni wepesi: mmweko huzuka na kuzimika ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Wanafizikia Frederick Reines na Clyde Cowan walijaribu kwanza kuinasa nyutrino kwa sintileta huko Hanford, Marekani, mwaka 1953. Miale ya kosmiki ilikimwekesha kifaa chao mara nyingi kiasi kwamba dalili ya nyutrino ilikaribia kufunikwa kabisa. Mmweko mmoja hausemi umetoka wapi.

Mwaka 1956, kwenye kinu cha nyuklia cha Savannah River, South Carolina, walishuka mita 12 chini ya ardhi, mita 11 hivi kutoka kiini cha kinu. Waliweka matangi mawili ya maji yenye kloridi ya kadimi, yakipishana na matangi matatu makubwa ya sintileta ya majimaji. Kila tangi la sintileta lilikuwa na lita 1,400 hivi na mirija 110.

Antinyutrino, yaani nyutrino ya upande wa antimata, kutoka kwenye kinu ikigonga protoni ya maji, huzaliwa positroni (antimata ya elektroni) na nyutroni. Positroni hukutana na elektroni papo hapo, zote mbili zikatoweka na kuacha miale miwili ya gama inayokwenda pande tofauti: matangi ya juu na ya chini humweka kwa pamoja. Nyutroni hutangatanga kwa mikrosekunde kadhaa, kisha humezwa na kadimi, na gama mpya huleta mmweko wa pili. Tukio lisilofuata mfuatano huo lilitupwa.

Matukio yaliyobaki yalikuwa kama matatu kwa saa. Kinu kilipozimwa, yalipungua. Sehemu ya maji ilipobadilishwa kwa maji mazito, yenye protoni chache zinazofaa, yalipungua tena. Magunia ya vumbi la mbao lililoloweshwa, yaliyowekwa kuzuia nyutroni za kinu, hayakuyapunguza. Juni 1956 Pauli alipelekewa telegramu kwamba nyutrino imenaswa.

Mwaka 2012 jaribio la Daya Bay nchini China lilitumia kanuni ileile, gadolini ikichukua nafasi ya kadimi. Vifaa vimekua mara nyingi, lakini hoja haijabadilika: nyutrino hutambuliwa kwa muda unaotenganisha mimweko miwili.