Ahsante kwa Rubani na kwa Mnara wa Mwanza

Sisi wa Kalangalala, mjini Geita, tukisafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam, wengi huanzia Mwanza. Pale, ndege za Air Tanzania, vindege vya Cessna Caravan na ndege za jeshi hutumia njia moja ya kurukia na kutua. Ndege kubwa huacha nyuma hewa iliyovurugika, inayoweza kukipindua kindege kidogo, kwa hiyo mwongozaji mnarani hupanga nafasi kati ya ndege hizo. Rubani naye hurudia agizo la kutua alilopewa, hata kama amelisikia miaka yote. Urudiaji huo nauheshimu mno: katika ajali ya ndege ya Tenerife, mwaka 1977, kutoelewana redioni kulichangia vifo vya watu 583. Tukishuka humshukuru rubani. Wa mnarani hatuwaoni, nawashukuru hapa.