Kukana, Kuacha, Kurejesha: Juu ya Neno Moja la Sheria

Makala haya hayahusu diwani mpya wala riwaya. Yanahusu matini ya ukurasa mmoja ambayo sisi wahakiki hatuna ada ya kuigusa, nayo ni tamko analotia saini kijana aliyefika utu uzima akiwa na uraia wa nchi mbili, na ambaye sheria ya kwao yamtaka abaki na mmoja. Nakusudia kuisoma matini hii kama tusomavyo shairi, neno kwa neno, kwani mna neno moja ndani yake ambalo, kwa rai yangu, halikustahiki kuwekwa pale lilipo. Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi nikiwapeleka kwanza kwenye dirisha la karani. Tungo nitazirudia mbele ya safari.

Kisa ni hiki. Miaka miwili iliyopita, katika siku za mwanzo za Mfungo Mosi, nilijiwa nyumbani na bibi mmoja wa mtaani kwetu pamoja na mjukuu wake. Binti alizaliwa Uingereza. Baba yake ni mtu wa Pemba aliyehamia huko na kuchukua uraia wa huko. Mama yake ni wa hapa Unguja na hakuwahi kuuacha uraia wake. Alipokuwa na miaka minne aliletwa kwa bibi yake, akasomea hapa chuoni na skuli, na Kiingereza chake ni cha darasani kama cha wenzake. Sasa alikuwa ametimiza miaka 18. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humvumilia mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini akishafika umri huo humtaka aukane ule wa pili na ale kiapo cha utii. Asipofanya hivyo katika muda uliowekwa, ule wa Tanzania humtoka wenyewe, bila ya yeye kusema neno.

Fomu ya Kiingereza alikuwa nayo mkononi. Alitaka kwangu mambo mawili: nimsomee bibi yake kwa Kiswahili kile anachokwenda kukitia saini, kisha nimwandikie barua ya maelezo ya kupeleka ofisini. Mtaani huniita mwalimu, ingawa sikusomea ualimu wala skuli sikuimaliza; nilichonacho nimekiokota vitabuni.

Nikasoma. Nilipofika penyewe nikasema, kama isemavyo sheria yetu, kwamba binti anaukana uraia wa Uingereza.

"Anakana nini, baba?" aliuliza bibi. "Kwani hakuzaliwa huko?"

Nikamweleza kwamba ndilo neno linalotumika. Akanyamaza kidogo, akaupindua ukingo wa kanga yake, kisha akasema: "Baba yake amefanya kazi za usiku miaka kumi na tatu ndipo akaipata karatasi ile. Leo mwanawe aikane?"

"Bibi, sheria ndivyo inavyosema."

"Basi sheria haijui Kiswahili."

Tangu siku ile nimekuwa nikilipima neno hili, na kila nikilipima naona bibi alikuwa na haki. Katika Kiswahili mtu hukana jambo. Mshitakiwa hukana shitaka, mdaiwa hukana deni, mwanamme mwoga hukana mimba, na Petro katika Injili alimkana bwana wake kabla ya jogoo kuwika. Katika mifano yote hii anayekana hasemi kwamba hakitaki tena kitu fulani. Asema hakikuwapo, au kilikuwapo lakini hakimhusu wala hakijapata kumhusu. Ndiyo maana kukana kuna harufu ya uongo. Mkana deni aghalabu ni mdaiwa kweli.

Sasa tazama tamko lenyewe. Ili binti aweze kuukana uraia, lazima kwanza athibitishe kuwa anao: alete cheti cha kuzaliwa, alete pasi, aeleze wazazi wake ni nani na walikuwa raia wa wapi siku aliyozaliwa. Yaani akiri kwa mkono wa kulia, akane kwa mkono wa kushoto, na katika karatasi ile ile. Hakuna kadhi ambaye angeupokea ushahidi wa namna hiyo. Anachokifanya binti kwa hakika ni kitu kingine kabisa, nacho ni kukubali kwamba kitu ni chake, kisha akakitoa mkononi. Kitendo hicho ni cha ukweli na cha ushujaa kidogo, na sisi tumekipa jina la kitendo cha aibu.

Mtu aweza kusema kwamba kosa ni la Kiingereza na sisi tumefasiri tu. Sivyo. Neno lao, "renounce", lina nasaba nyingine. Latokana na Kilatini "renuntiare", na ndani yake mna "nuntius", yaani mjumbe. Maana yake ya asili ni kurudisha habari, kumpelekea jawabu aliyekutuma. Waarabu nao wana tanazul, ambalo asili yake ni kushuka: mtu ashuka kutoka kwenye haki aliyokuwa ameipanda, na haki yenyewe yabaki pale pale, haikutukanwa. Mmoja apeleka jawabu, mwingine ateremka. Ni sisi tu tuliomfanya kijana akane.

Na sheria ya Uingereza, ya mwaka 1981, yaenda sambamba na nasaba ya neno lao. Sharti lake la kwanza ni kwamba mwenye kutamka awe na umri kamili na uwezo kamili, jambo litakalomfanya mtu yeyote aliyekaa chuoni hapa kwetu atabasamu, kwani ni yale yale ya akili na baleghe ambayo bila yake ibada haimlazimu mtu. Tamko halina nguvu mpaka lisajiliwe. Waziri hatakiwi kulisajili mpaka aridhike kwamba mtu yule ana uraia mwingine au ataupata, na kama hakuwa nao, na miezi sita ikapita bila ya kuupata, huhesabiwa kwamba hakuacha kuwa Mwingereza hata siku moja. Zaidi ya hayo, aliyelazimika kuuacha uraia wao ili ahifadhi mwingine ana haki ya kuurudia, lakini mara moja tu katika umri wake. Sisemi haya kwa kuwasifu. Watu wetu wengi wanajua jinsi milango ya nchi ile inavyoweza kuwa mizito. Nasema tu kwamba mtungaji wa vifungu hivyo alijua kwamba anashughulika na kitu kinachorejeshwa. Kilichokanwa hakirudiwi. Aliyemkana mwanawe leo hawezi kesho kuja na haki ya kumdai, si mara moja wala nusu mara.

Lipo na neno la pili linalostahiki kuangaliwa, nalo ni raia. Latokana na Kiarabu, na asili yake ni kundi lichungwalo, walio chini ya mchunga. Sheria zetu hutumia raia. Hotuba zetu hutumia mwananchi. Mwananchi ni mwana wa nchi, na uwana hauna fomu. Hapana dirisha ambapo mtu aweza kwenda akajiuzulu kuwa mwana. Lugha yetu, basi, tayari imekwisha kutenganisha yale mambo mawili ambayo mabishano yetu huyachanganya kila siku: lile la mchunga na kundi lake, ambalo karatasi yaweza kulifunga na kulifungua, na lile la mwana, ambalo karatasi hailigusi. Binti huyu alikuwa raia wa nchi mbili. Mwananchi alikuwa wa hapa, na labda kwa sehemu fulani wa kule pia, kwani ndiko alikovuta pumzi ya kwanza.

Kuhusu "uraia pacha" sitasema mengi. Ni istilahi nzuri masikioni na ndiyo sababu ya kuenea kwake. Lakini mapacha hunyonya titi moja na kukua pamoja, ilhali uraia wa binti huyu mmoja ulikuwa wa kila siku na mwingine ulikuwa kitabu ndani ya sanduku la bibi, chini ya nguo za Idi. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu tangu katiba yao ya mwaka 2010 hawalazimiki kuchagua, na wanaweza kuviweka vitabu vyote viwili katika mtoto mmoja wa meza. Kwetu mabishano yangali yanaendelea, na kila upande una methali yake. Wanaopinga husema mshika mawili moja humponyoka. Wanaotaka husema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii ya pili nimewahi kuisikia katika vinywa vya pande zote mbili siku moja, na si ajabu, kwani haisemi kwao ni wapi. Mwenye kwao kuwili akatae kupi asiwe mtumwa?

Ningetarajia ushairi wetu utusaidie hapa, na hapa ndipo penye lawama yangu kwa wenzangu na kwa nafsi yangu. Tunazo tungo tele za kuaga na za kuwalilia walio ng'ambo. Tunazo nyimbo za taarabu za mpenzi aliyesafiri asiandike. Bahari imo katika kila beti ya tatu. Lakini pasi, muhuri, kiapo, foleni, karani anayeuliza jina la babu yako mara mbili, haya tumeyaachia magazeti. Tumeona hayana mizani. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 18 anapokwenda kufanya kitendo kizito kuliko vyote alivyopata kufanya, hana hata mshororo mmoja wa kwenda nao, na neno analolikuta mezani ni lile lililowekwa na mwanasheria.

Waandishi wa nathari wametutangulia. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948 na akaenda Uingereza katika miaka ya 1960. Alipopata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021 tulibishana hapa kama ni wetu au si wetu, na wenye sheria walikuwa na jawabu fupi. Lakini jawabu refu lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka ishirini kabla, katika riwaya yake ya By the Sea ya mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine. Ofisa wa uhamiaji anampekua, na anachomnyang'anya kinachomuuma mzee ni kijikasha cha udi. Pasi ilikuwa ya uongo, na kuondokewa nayo si msiba. Udi ulikuwa wa kweli. Sijui ukurasa unaoeleza vizuri zaidi tofauti ya raia na mwananchi, na mwandishi hakutumia neno hata moja kati ya hayo mawili. Natamani siku moja riwaya hii isomwe sana kwa Kiswahili, kama Paradise ilivyopata kusomwa kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022.

Usiku ule baada ya wageni wangu kuondoka nilijaribu kutunga. Nautia ubeti hapa kwa kuwa nimewalaumu wenzangu, na si haki nilaumu huku nimeficha wangu:

Sikukana kwa ulimi, nilipokwenda rudisha,
Kijitabu hakisemi, ni nani alonilisha,
Na mapenzi hayahami, kwa muhuri kuyafisha,
Nimeacha, sikukana, mwandikaji fahamisha.

Mshororo wa pili naukubali. Wa tatu ni kujaza: "kuyafisha" limeletwa na kina, halikuletwa na maana, na msomaji mwenye sikio amekwisha kuligundua. Kosa kubwa zaidi limo katika mshororo wa mwisho. Nilidhani "kuacha" litanitoa kwenye "kukana", kumbe nimetoka kortini nikaingia kwenye talaka. Mke huachwa. Anayeacha kwa kawaida ana hasira, au ana mwingine, na binti yule hakuwa na hasira na nchi aliyozaliwa. "Kujivua" nalo tumeliharibu kwa siasa za vyama. Mtu akisikia kujivua huuliza amehamia wapi.

Asubuhi nilimpelekea bibi ubeti wangu. Aliusikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema neno ambalo mimi, kwa vitabu vyangu vyote, sikulifikia: "Mwandikie kwamba anarejesha amana." Nikamwambia amana hurejeshwa kwa mwenyewe, na binti hakupewa uraia ule kwa amana, alizaliwa nao. Akanijibu kwamba hata roho mtu huzaliwa nayo.

Sina hakika kwamba mwanasheria angelikubali neno hilo. Amana ina mwenye mali na ina wakati wa kudaiwa, na sheria ya Uingereza haikumdai binti kitu. Iliyomdai ni ya kwao. Lakini "kurejesha" peke yake, bila ya amana, lasimama. Lakiri kwamba kitu kilikuwa mkononi, na halimtukani aliyekitoa wala aliyekitafuta kwa kazi za usiku.

Basi katika barua ya maelezo niliandika: "Mimi niliyetaja jina hapo juu narejesha uraia wa Uingereza nilioupata kwa kuzaliwa." Binti aliipeleka pamoja na fomu zake. Karani aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata "narejesha" na kuandika juu yake "naukana". Kisha akaligeuza jalada upande wake ili atie saini.