Mlima wa Londiani na Hesabu ya Hewa

Mwulize dereva yeyote wa Kipkelion mzigo wa gari ni nini, atakuonyesha magunia ya mahindi kwenye keria. Fundi anayepanga kompyuta za Subaru yeye atafungua boneti na kukuonyesha paipu ya hewa. Anachopima ni gramu za hewa zinazoingia kwenye injini kila inapozunguka mara moja. Injini ya lita mbili huvuta lita moja hivi kwa kila mzunguko. Mombasa, lita hiyo ina uzito wa karibu gramu 1.2, Kipkelion, kwenye mita kama 1,900 juu ya bahari, haifiki gramu moja. Turbo ikianza kusukuma, gramu hizo hupita mbili. Petroli na cheche za plagi hufuata hesabu hiyo.

Subaru hapa kwetu hazihitaji kutambulishwa, hasa tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Nyingi za turbo zilizoko barabarani zilitoka Japani zikiwa zimetumika, na kompyuta zake zilipangiwa petroli ya huko ya daraja la juu, yenye oktani inayokaribia 100. Petroli ya Super tunayojaza sisi iko chini ya hapo. Kwa hiyo gari linafika likiwa na hesabu za nchi nyingine, kisha linapewa milima ya Kericho.

Fundi ninayependa kumtazama hutumia barabara ya kutoka Muhoroni, kwenye miwa na joto, inayopanda Fort Ternan na Kipkelion hadi baridi ya Londiani. Ndani ya asubuhi moja gari huwa limepanda karibu mita 1,000. Kabla ya kuondoka, hufunga kwenye bloku ya injini kipande cha bomba la shaba alichokipiga bapa, akakiunganisha kwa mpira na kinga za masikio. Laptopu inamsomea tarakimu; bomba linamletea mlio wenyewe. Anasikiliza kama injini inagonga.

Ukikaa kiti cha nyuma hutaona maajabu. Dereva anaingiza gia ya nne, mizunguko 2,000 kwa dakika, anakanyaga mafuta taratibu. “Shikilia hapohapo, mkubwa. Usiongeze.” Gari halikimbii, halipigi kelele, na hapo ndipo vijana wengi wa ekzosi kubwa hupotoka: wanadhani injini huteseka inapolia sana. Mateso huja mizunguko ikiwa 3,000 hivi, watu watano ndani, mlima mbele, turbo imejaa na dereva hataki kushusha gia.

Kwenye laptopu kuna jedwali: upande mmoja mizunguko, upande wa pili mzigo, na katika kila kijumba digrii zinazosema plagi iwashe mapema kiasi gani kabla pistoni haijafika juu. Kwenye tambarare, mzigo ukiwa mdogo, digrii hupita 30. Mzigo ukipanda, cheche hucheleweshwa, pengine hadi 15 au chini yake, na petroli huongezwa: badala ya sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, inakuwa karibu 11 kwa moja, ili joto lishuke. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko ambao moto haujaufikia hulipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga, na injini ikigonga vikali hata mara moja, pistoni inaweza kupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi.

Halafu kuna geji ya turbo, ambayo imewadanganya wengi. Inaonyesha tu shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje. Geji ikisoma baa moja Mombasa, turbo imeikandamiza hewa mara mbili. Ikisoma baa hiyohiyo Londiani, ambako hewa yenyewe haifiki baa 0.8, turbo imeikandamiza mara 2.3, inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, ilhali injini imepata hewa kidogo kuliko ya Mombasa.

Mwenye gari alitaka baa 1.2. “Kule juu, mkubwa, turbo itaitoa wapi hewa hiyo?” fundi akamjibu, akatoa plagi moja na kuigeuza chini ya lenzi. Kwenye kauri nyeupe alikuwa akitafuta vidoa vidogo vya kung’aa, alumini iliyobanduka kwenye pistoni. Hakuna. Hata hivyo akapunguza digrii mbili kwenye vijumba vinne vya katikati ya jedwali, pale alipokuwa amesikia kitu, akahifadhi, wakashuka kuanza mlima upya. Na wakarudia tena.

Jioni mwenye gari akauliza amepata nguvu za farasi ngapi. Fundi alimwambia kwa mlima huu hajapata hata moja. Ila sasa anaweza kuupanda na familia nzima bila kushusha gia.