Muuaji na Jina Lake: Kazi ya Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, hakuanza maisha yake kwa kalamu. Alikuwa kwanza mkaguzi katika idara ya afya, ndipo mwaka 1948 akaingia katika uhariri wa magazeti. Na tangu 1958 hata 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo la Tanganyika. Alama za kazi hizo zaonekana wazi katika riwaya zake: mkaguzi hutafuta chanzo cha maradhi, na mhariri hapokei neno lisilo na mwenyewe.

Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya utungaji ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Ni desturi kusema kuwa Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ulinganisho huo ni wa kweli, lakini waacha jambo kubwa, nalo ni la lugha. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumficha mtenda: Bwana Ali ameuawa. Maiti yake imekutwa penye mzimu, na kwa hofu ya mahali hapo sentensi hiyo yaonekana kuwa imekamilika. Bwana Msa haikubali. Riwaya nzima ni safari ya kutoka sentensi isiyo na mtenda hata ile inayomtaja kwa jina.

Safari hiyo ina uzito kwa msomaji wa Kinondoni au Temeke. Katika mitaa ya pembeni ya Dar es Salaam ukelele wa "Mwizi!" umepata kuwa mashtaka na hukumu pamoja, na gazeti likaandika kesho yake kwamba mtu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Hapo mtenda ametajwa, wala hakutajwa mtu. Wananchi wenye hasira ndio mzimu mpya: huua, wala hauulizwi.

Hata hivyo yapasa kusemwa kwamba Abdulla hakuufikisha upelelezi wake huko. Mafumbo yake mengi hufumbuliwa kwa siri za nasaba, na mara nyingine Bwana Msa humficha msomaji ushahidi alio nao. Kundi la watu halikupelelezwa kamwe. Mji uliingia kwa watungaji wengine: Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965), kisha Ben Mtobwa, ambaye kwa Joram Kiango wake mbio na bastola zilipata nafasi kubwa kuliko hoja.

Riwaya ya 1984 Abdulla aliiita Kosa la Bwana Msa. Jina hilo pekee latosha kuwa onyo. Ikiwa mpelelezi mwenye subira kama huyo aweza kukosa, sembuse umati uliotoka mbio usiku, ambao haukuuliza hata jina la anayepigwa?