Mara 35 za nini? Kuisoma upya makala ya Gutmann

Umeshawahi kuuza kompyuta yako ya zamani? Basi ikumbuke siku ile. Ulimpelekea fundi ukamwambia, "Nipigie window upya, nataka kuiuza." Akachomeka flash, akafomati, akaweka Windows mpya, akakurudishia mashine inang'aa kama imetoka kiwandani leo asubuhi. Ukaiwasha, hukuona picha yako hata moja. Ukalipa, ukauza, roho ikatulia.

Mimi pia nilifanya hivyo hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Nitalirudia hilo mwishoni, maana ndilo linaloniuma. Kabla ya hapo nataka tuisome pamoja makala moja ya kisayansi ambayo karibu kila anayezungumzia kufuta diski huitaja, hata kama hajaisoma. Nadhani ni makala nzuri. Nadhani pia kwamba umaarufu wake umetupotosha.

Fundi alifuta nini hasa?

Tuanze na hili, bila hilo hutaelewa ugomvi uliobaki. Diski huhifadhi vitu viwili tofauti: data zenyewe, na daftari linaloonyesha kila faili liko wapi. Ukifomati kwa njia ya haraka, kinachoandikwa upya ni daftari tu. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi apoteze daftari lake la wakazi. Daftari limepotea, sawa, lakini wakazi wamehama? Wapo ndani, wanapika.

Halafu inawekwa Windows mpya, nayo inachukua nafasi yake. Tuseme gigabaiti 25. Kwenye diski ya gigabaiti 500 hiyo ni asilimia 5 tu. Sehemu kubwa iliyobaki haijaguswa. Programu ya bure kama PhotoRec haina haja na daftari kabisa: inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Ikiiona alama hiyo, inaokota picha. Haihitaji utaalamu, inahitaji subira tu.

Makala yenyewe

Sasa twende San Jose, California, Julai 1996. Kwenye kongamano la usalama la USENIX, Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliwasilisha makala kuhusu kufuta data kwa usalama kwenye kumbukumbu za sumaku na za elektroniki. Hoja yake ilikuwa ya kusisimua: hata ukiandika data mpya juu ya zile za zamani, za zamani huenda zikaacha kivuli.

Kwa nini? Kichwa cha diski kinapoandika 1 juu ya 0, anaeleza Gutmann, matokeo hayawi 1 kamili bali kitu kama 0.95. Kikiandika 1 juu ya 1, yanakuwa kama 1.05. Diski yenyewe huzisoma zote mbili kama 1. Lakini mwenye vifaa vya kupima tofauti hiyo ndogo anaweza kukisia kilichokuwepo kabla. Tena kichwa hakirudi palepale kila safari, kwa hiyo pembezoni mwa mstari hubaki masalia, na hadubini ya nguvu ya sumaku inaweza kuyaona.

Dawa aliyopendekeza ni kuandika juu ya data mara 35: mara 4 kwa namba za kubahatisha, mara 27 kwa mifumo maalumu, kisha mara 4 tena za kubahatisha. Namba hiyo ikawa maarufu kuliko makala. Ikaingizwa kwenye programu ya DBAN, na hata Mac kwa miaka kadhaa zilikuwa na chaguo la kufuta mara 35.

Niseme wazi kinachonifurahisha hapa. Gutmann hakuishia kusema "futa vizuri". Aliingia mpaka kwenye fizikia ya kichwa cha diski na jinsi data zinavyosimbwa kabla ya kuandikwa, na mifumo yake 27 inatokana na hesabu hizo. Ukiisoma kama mwanafunzi unajifunza jinsi ya kufikiri: usiulize programu inasema nini, uliza kwenye chuma kuna nini.

Inapoteleza

Kwanza, eti mara 35 ni kwa diski moja? Hapana. Mifumo ile 27 ililenga njia mbalimbali za usimbaji zilizotumika kwenye diski za enzi tofauti. Diski moja hutumia njia moja, kwa hiyo hakuna diski hata moja duniani iliyowahi kuhitaji zote 27. Gutmann aliziweka pamoja kwa ajili ya mtu asiyejua diski yake ni ya aina gani. Wasomaji wakachukua jumla, wakaacha maelezo. Baadaye yeye mwenyewe aliongeza maneno ya mwisho kwenye makala, akalalamika kwamba watu wameigeuza kama maneno ya mganga, na kwamba kwa diski za kisasa mizunguko michache ya namba za kubahatisha inatosha.

Pili, na hapa lawama ni ya makala yenyewe: haituonyeshi faili hata moja lililorudishwa. Inaonyesha kwamba hadubini huona alama za sumaku. Kutoka hapo mpaka barua inayosomeka ni safari ndefu. Hebu tupige hesabu. Tuseme hadubini inapatia kila biti kwa uwezekano wa asilimia 90, ambao ni ukarimu mkubwa. Herufi moja ni biti 8, kwa hiyo kuipata sawasawa ni 0.9 kwa kipeo cha 8, yaani asilimia 43. Jina la herufi 10? Biti 80, na uwezekano unashuka mpaka kama 2 kati ya 10,000. Bado hujafika kwenye sentensi. Mchumi Daniel Feenberg wa Marekani alizifuatilia rejea za makala hii na kufikia hitimisho kwamba hazithibitishi dai lake. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika toleo lililorekebishwa mwaka 2014, ulisema kuandika juu ya diski ya sumaku mara moja tu kwa kawaida kunatosha.

Tatu, gharama. Diski ya 1996 ilikuwa na gigabaiti moja au mbili hivi. Leo chukua ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde: mzunguko mmoja ni karibu saa 2 na dakika 47. Zidisha kwa 35, ni siku nne usiku na mchana. Na umeme wetu huu? Mtu akiambiwa usalama ni siku nne, anafanya nini? Anaghairi, anarudi kwa fundi kupiga window.

Waliokwenda sokoni

Ndiyo maana napenda kuisoma makala ya Gutmann sambamba na nyingine, ya mwaka 2003. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakati huo wanafunzi wa MIT, hawakununua hadubini. Walinunua diski za mtumba, 158. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimefutwa ipasavyo? 12. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, taarifa za matibabu na barua pepe za watu.

Unaona tofauti? Gutmann anauliza: mpelelezi mwenye maabara anaweza nini? Hawa wawili wanauliza: mnunuzi wa kawaida anapata nini? Swali la kwanza ni la kusisimua. La pili ndilo linalokuhusu wewe. Miaka yote tumebishana kama ni mara 3, 7 au 35, wakati wengi wetu hatujaandika juu ya data zetu hata mara moja.

Na SSD je?

Hapa mara 35 haina maana kabisa. SSD haiandiki palepale. Ukibadilisha faili, kidhibiti chake huandika nakala mpya kwingine na kuacha ya zamani isafishwe baadaye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifungua SSD na kusoma chipu zake moja kwa moja. Mbinu za kufuta faili mojamoja zilizotoka kwenye diski za sumaku hazikufanya kazi. Amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD ilifanya kazi kwa baadhi, ila SSD moja ilijibu kwamba imefutika huku data zote zikiwa zimo.

Kwa hiyo

Nirudi kwangu. Kompyuta niliyoiuza ilikuwa na mahojiano niliyowafanyia akina mama kliniki. Kila mmoja alisaini fomu inayosema sauti yake itaharibiwa utafiti ukiisha. Nilipigiwa window, nikaamini zimeharibiwa. Miezi mingi baadaye, kwenye mashine ya mtumba niliyonunua, nilifuta sura ya tasnifu kwa bahati mbaya. Nikaendesha PhotoRec kuitafuta. Zikatoka hati za mshahara za mtu nisiyemjua na picha za mtoto wake akiwa na sare ya shule. Hapo ndipo nilipoelewa nimewafanyia nini wale mama. Nilimpigia aliyenunua kompyuta yangu. Alishaiuza kwa mwingine. Nilimweleza msimamizi wangu, tukaandika taarifa kwa kamati ya maadili. Sauti zile sijui ziko kwa nani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, isome makala ya Gutmann kwa ajili ya fizikia, usiisome kama maagizo. Kama diski yako ni ya sumaku, iandike sifuri yote mara moja. Tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu, siyo kwa haraka, hufanya hivyo. Kama unairudisha Windows 10 au 11 mwanzo, chagua kuondoa kila kitu, kisha washa na chaguo la kusafisha diski. Kama ni SSD, washa usimbaji wa diski nzima tangu siku unayoinunua. Siku ya kuuza, futa ufunguo pamoja na vyote, zilizobaki ni takataka zisizosomeka. Na fundi akikwambia "nimeshafuta", muulize: umefuta data, au umefuta daftari?