Neno "Bepari" na Jina la Tafsiri ya Mabepari wa Venisi

Utangulizi

Mtu apitaye Hurlingham, magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, hupita mbele ya njia tatu ambazo kila mfasiri hana budi kuchagua baina yake. Jina la mtaa wenyewe lilitoka London, ambako Hurlingham ni mahali penye klabu ya kale ya mchezo wa polo. Lilihamishwa zima, wala halimwambii Mkenya lolote kuhusu mahali aliposimama. Mtaa wa jirani huitwa Kilimani, na jina hilo hujieleza lenyewe. Barabara kuu ya hapo nayo, ambayo zamani iliitwa kwa jina la mtaa, sasa ni Barabara ya Argwings Kodhek, kwa kumkumbuka wakili na mwanasiasa C. M. G. Argwings-Kodhek aliyefariki Januari 1969. Jina la kwanza limehifadhiwa lilivyokuja, la pili limetaja kitu kwa lugha ya mahali, na la tatu limeondoa jina la kale na kuweka jingine kwa hukumu ya kisiasa.

Katika mwaka huo huo wa 1969, Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice. Sehemu moja ya jina hilo, Venisi, imehifadhiwa kwa kuandikwa tu kwa matamshi ya Kiswahili. Sehemu ya pili ndiyo yenye mjadala. Je, neno mabepari limetaja kitu kwa lugha ya mahali, au limelifuta jina la Shakespeare na kuweka hukumu ya siasa mahali pake? Jibu lililozoeleka ni hilo la mwisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu ya kweli, na kwamba nusu iliyobaki imo katika historia ya neno lenyewe, historia ambayo ni ya Venisi na ya Mombasa kwa pamoja.

Shutuma iliyozoeleka

Ni lazima ikubaliwe kwamba shutuma yenyewe si dhaifu. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Jina la Kiswahili lina wengi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, miaka miwili kabla ya kitabu kutoka, na mfasiri ndiye aliyekuwa Rais wa Tanzania na mwasisi wa fikra za Azimio hilo. Katika majukwaa na magazeti ya siku zile bepari hakuwa mtu afanyaye biashara tu. Alikuwa mnyonyaji, adui wa mkulima na wa mfanyakazi. Tena, Nyerere hakuanza hivyo. Alipoitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, jina la kitabu halikubeba hukumu yoyote. S. S. Mushi naye, katika Makbeth ya 1968 na Tufani ya 1969, aliyaacha majina ya Shakespeare yaseme yaliyokuwa yakisema. Kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini jina hili moja likapewa uzito wa siasa.

Hata hivyo, anayeshutumu hana budi kuonyesha neno ambalo lingefaa zaidi. Mchuuzi ni muuzaji wa rejareja. Antonio, mwenye merikebu katika bahari za mbali, hawezi kuitwa mchuuzi. Mfanyabiashara ni neno pana mno: humchukua muuza mboga wa sokoni pamoja na mwenye meli, bila kuonyesha tofauti yao. Tajiri lingekaribia, kwa kuwa katika Kiarabu, lugha lilikotoka, humaanisha mfanyabiashara. Lakini Waswahili wamelitumia hata likawa jina la mtu mwenye mali na la mwajiri. Linabaki bepari, ambalo nalo asili yake ni lugha za Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu, bila sifa wala lawama. Inaonekana, basi, kwamba Kiswahili kimekopa jina la mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya bahari mara mbili, na mara zote mbili kimeligeuza likawa jina la mwenye mali. Mageuzi hayo hayakuletwa na Azimio la Arusha peke yake. Azimio lililikuta neno limekwisha kuanza safari, likalisukuma mbele.

Historia iliyomo katika neno

Neno bepari liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa biashara ya Bahari ya Hindi, na biashara hiyo ndiyo iliyolisha Venisi. Kabla ya mwisho wa karne ya 15, pilipili na viungo vingine vya Bara Hindi vilisafirishwa kwa Bahari ya Shamu hadi Misri, na huko Wavenisi walivinunua na kuvisambaza Ulaya. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, alikuta bandari zinazojulikana na Wahindi na Waarabu kwa muda mrefu. Rubani aliyemvusha hadi Calicut alipatikana Malindi. Safari hiyo ilifungua njia ya pili ya viungo, na ikautia Venisi hofu kubwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaipora na kuichoma Mombasa. Kwa hiyo tukio lililotishia utajiri wa Venisi ndilo hilo hilo lililoharibu miji ya Waswahili.

Uhusiano huu haukuishia hapo. Ujenzi wa Ngome ya Yesu huko Mombasa ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia kutoka Milano aliyemtumikia mfalme wa Hispania na Ureno. Tamthilia ya Shakespeare iliandikishwa London mwaka 1598 na kupigwa chapa mwaka 1600. Ngome na tamthilia ni kazi za muongo mmoja. Ndani ya tamthilia, miongoni mwa mali za Antonio zilizo baharini, imetajwa merikebu iliyokwenda Bara Hindi na nyingine iliyohusika na Lisbon. Mtazamaji wa London alisikia majina hayo kama habari za mbali. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuyasikia kwa namna nyingine, kwa kuwa njia ya Lisbon hadi Bara Hindi ilipita katika bahari yake.

Kiswahili kimeihifadhi karne hiyo katika msamiati wake. Meza na leso ni maneno ya Kireno. Gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa: kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye ikawa kifungo, hata maana ya sala ikafutika na maana ya minyororo ikabaki. Neno bepari ni ndugu wa gereza kwa namna hii. Yote mawili yaliingia yakiwa na maana tulivu, na yote mawili yakachukua maana mpya kwa sababu ya yale ambayo watu waliyaona yakitendeka.

Faida na riba

Nguvu ya neno hili isitufanye tusahau kasoro yake. Ugomvi wa Antonio na Shylock, kabla haujawa wa dini na wa damu, ni ugomvi wa namna mbili za kuchuma. Antonio hutia mali yake baharini na kungojea faida. Shylock hukopesha na kutoza riba. Antonio hukopesha bila riba, na kwa kufanya hivyo huharibu soko la mwenzake, tena humtukana hadharani. Huko Uingereza jambo hili lilikuwa moto wakati ule: Kanisa lilikuwa limelaani riba kwa karne nyingi, lakini sheria ya mwaka 1571 ilikwisha kuivumilia mradi isizidi asilimia 10.

Kwa msomaji wa Lamu au Mombasa ugomvi huu hauhitaji maelezo marefu. Uislamu umeharamisha riba na kuhalalisha biashara, na Kiswahili kina maneno mawili yaliyo wazi: faida na riba. Hapa Kiswahili kinamweka msomaji karibu na tamthilia kuliko Kiingereza cha leo kinavyomweka Mwingereza, ambaye amekwisha kuona riba ya benki kuwa jambo la kawaida. Lakini jina la kitabu linaifuta tofauti hiyo mlangoni. Likiwaita wote wawili mabepari, linaweka faida na riba katika kapu moja la unyonyaji. Hata Karl Marx, ambaye msamiati wa ubepari unamtegemea sana, alieleza katika Das Kapital kwamba mtaji wa wafanyabiashara na mtaji wa wakopeshaji ni wa kale kuliko uzalishaji wa kibepari wenyewe. Venisi ya Antonio haina kiwanda wala mfanyakazi wa ujira anayeonekana jukwaani. Utajiri wake u baharini, na tufani moja yatosha kumfukarisha.

Kasoro hiyo yaonekana zaidi katika onyesho la mahakama. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anapoingia mahakamani huuliza ni nani kati ya watu wawili walio mbele yake aliye mfanyabiashara na ni nani aliye Myahudi. Swali hilo ni fupi, lakini ni kitovu cha tamthilia: mji mzima umejenga fahari yake juu ya tofauti ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho. Wingi wa neno mabepari umekwisha kulijibu swali hilo kabla pazia halijafunguliwa. Msomaji anapewa jibu, na hapewi nafasi ya kulitafuta.

Pamoja na hayo, ni lazima isemwe kwamba jibu lenyewe lina ushahidi ndani ya tamthilia. Mbele ya mahakama hiyo Shylock anawakumbusha Wavenisi kwamba wamenunua watumwa na kuwatumikisha kama wanyama, wala hawako tayari kuwaacha huru kwa kuwa wamewalipia. Naye vivyo hivyo ameilipia ratili yake ya nyama. Hakuna anayemjibu. Msomaji wa mwambao, ambao masoko yake ya watumwa yanakumbukwa hadi leo, hawezi kuipita hoja hiyo haraka. Nyerere, kwa kuandika mabepari, amewaunganisha washtaki na mshtakiwa pale pale ambapo Shylock mwenyewe amewaunganisha.

Mgeni katika mji

Liko jambo zito zaidi. Myahudi wa Venisi hakuchagua riba kwa kupenda riba. Milango mingi ya kazi ilifungwa mbele yake. Tangu mwaka 1516 Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kuishi katika mtaa mmoja uliofungwa malango usiku. Shylock akisomwa kama bepari tu, yaani kama mfano wa tabaka, kuteswa kwake kunatoweka na chuki anayotendewa inaonekana kuwa haki.

Msomaji wa Nairobi anao mfano wake karibu. Wakati wa ukoloni jiji hili liligawanywa kwa rangi: vilima vya magharibi, Hurlingham ikiwemo, vilikuwa vya Wazungu, Wahindi waliishi Ngara na Parklands, Waafrika waliwekwa mashariki. Mhindi alizuiwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na wengi wakabaki katika biashara. Kisha wakalaumiwa kwa kuwa wafanyabiashara. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasio raia nchini Kenya, na maelfu wakahamia Uingereza katika miaka ya 1967 na 1968. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Katika miaka hiyo, kwa masikio ya wengi, bepari alikuwa na sura, nayo ilikuwa ya Mhindi mwenye duka. Neno walilolileta kama jina la kazi lilirudishwa kwao kama shutuma.

Si haki kumtwika Nyerere mzigo huo. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio, aliandika kusisitiza kwamba ujamaa hauhusiani na ubaguzi wa rangi, na mwaka 1972 alilaani kitendo cha Amin. Lakini neno halimtii aliyelitumia. Jina la kitabu lilifika mikononi mwa wasomaji likiwa na maana zote ambazo mtaa ulikwisha kulipa.

Hitimisho

Yafuatayo yanadhihirika. Kwanza, mabepari si tafsiri potofu. Kwa asili yake ndilo neno la mfanyabiashara mkubwa wa bahari, na limetoka katika biashara ile ile iliyojenga Venisi. Pili, ni hukumu ya kisiasa pia, na hukumu hiyo imefuta tofauti ya faida na riba pamoja na fumbo la mahakama. Tatu, na ndilo kubwa, neno hili limepata huku Afrika Mashariki mkasa ule ule ambao tamthilia inausimulia: kazi ya watu fulani imegeuzwa kuwa kosa lao.

Kwa hiyo mwalimu wa fasihi asilifundishe jina hilo kama kosa la kusahihishwa, wala kama kauli mbiu ya kukaririwa. Alifanye swali la kwanza la somo: bepari ni nani hapa, na ni nani aliyempa jina hilo? Azimio la Arusha lilikwisha kulegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na Nyerere alifariki mwaka 1999. Hata hivyo neno bado lina makali yake. Mwanafunzi atakayeweza kulieleza atakuwa ameisoma historia ya karne ya 16 katika lugha yake mwenyewe. Atakuwa pia amejifunza kuuliza, kila asikiapo jina la kazi likitamkwa kama tusi, ni mlango gani uliofungwa kabla mtu huyo hajaingia katika kazi hiyo.