Miguu Michache, Uwanja Mzima: Hesabu Iliyomo Ndani ya "We Will Rock You"

Rekodi ya "We Will Rock You" ya kundi la Queen haina ngoma hata moja. Besi nayo haimo, na gitaa linajitokeza mwishoni tu. Kwa sehemu kubwa ya dakika zake mbili tunasikia miguu ikikanyaga, makofi yakilia na watu wakiimba. Hata hivyo, ukiisikiliza utaapa kwamba umesimama katikati ya uwanja uliofurika.

Kwa kuwa mwimbaji ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, wengi wetu tunadhani wimbo ni wake. Mtunzi ni mpiga gitaa, Brian May. Mei 1977 Queen walitumbuiza Bingley Hall, mjini Stafford, Uingereza. Walipomaliza, watu hawakuondoka, bali walianza kuwaimbia wao "You'll Never Walk Alone", wimbo ambao mashabiki wa Liverpool wameufanya wao. May akajiuliza: watu waliobanana namna hii, wasioweza hata kujigeuza, wanaweza kufanya nini kwa pamoja? Wanaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Akatunga wimbo unaohitaji vitu hivyo vitatu tu.

Tuanze na mdundo. Kila mzunguko una nafasi nne zinazolingana: mguu, mguu, kofi, kimya. Mwendo ni wa mapigo kama 81 kwa dakika, kwa hiyo kila nafasi huchukua sekunde 0.37 hivi. Nafasi ya nne, ile ya kimya, ndiyo inayobeba wimbo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na hivyo kofi la mtu aliye mita 100 kutoka ulipo hukufikia likiwa limechelewa kwa karibu sekunde 0.3. Mdundo wa kasi, uliojaa mapigo, ungevurugika hapo hapo, kwa kuwa pigo la wa mbali lingegongana na pigo linalofuata la wa karibu. Katika mdundo huu wa polepole, waliochelewa wanaangukia kwenye kimya, kisha mguu unaanza upya.

Queen wenyewe walikuwa na toleo la kasi, lenye ngoma na gitaa tangu mwanzo, na ndilo linalofungua albamu yao ya Live Killers ya mwaka 1979. Ni toleo zuri la kusikiliza, lakini mashabiki wa michezo hawakulichukua. Walichukua lile la polepole, lenye pengo.

Kurekodi kulifanyika Wessex, studio iliyokuwa ndani ya jengo la zamani la kanisa huko Highbury, kaskazini mwa London. Humo walikuta mbao kuukuu, wakazipanga na kuanza kuzikanyaga. Mbao zilitoa kishindo kizito chenye mlio wa jengo lenyewe. Wakarekodi, wakarudia, wakaweka tabaka juu ya tabaka kwenye kanda.

Lakini tabaka peke yake halizai umati. Watu walewale wakikanyaga mahali palepale mara nyingi, utapata kishindo kinene zaidi, ila bado ni cha kikundi kidogo ndani ya chumba. Mwangwi wa kawaida wa studio nao haukumfaa May. Mwangwi unaonyesha ukubwa wa ukumbi, ilhali yeye alitaka wingi wa watu.

Hapa ndipo elimu yake ilipoingia kazini. May alisoma fizikia chuo cha Imperial, London, akaacha shahada ya uzamivu kwa ajili ya muziki na kuja kuimaliza mwaka 2007. Alijua kwamba sikio huutambua umati kwa tofauti za umbali: aliye pembeni yako unamsikia mara moja, wa mita 10 nyuma yako anachelewa kwa milisekunde kama 30, na wa mbali zaidi huchelewa zaidi. Basi akachukua kishindo kilekile na kukirudisha mara nyingi, kila rudio likiwa moja tu, lenye uchelewaji wake, kisha akayatawanya marudio hayo kulia na kushoto.

Uchelewaji wa kiasi gani? Tuseme marudio yanakuja baada ya milisekunde 10, 20, 30 na 40. Zote zinagawanyika kwa 10, kwa hiyo sikio linapokea mpigo unaojirudia kila milisekunde 10, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Hiyo ni noti kamili. Kofi litaanza kuvuma kama sauti iliyopigwa ndani ya bomba, na udanganyifu utajulikana. May alitumia namba tasa. Chukua mfano wa 11, 17, 23 na 31: hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo marudio hayajipangi yote kwa hatua moja na hakuna noti inayojitokeza. Kinachobaki ni mparaganyo, na umati halisi husikika hivyohivyo.

Juu ya msingi huo sauti ya Mercury imewekwa mbele kabisa, kavu, bila ala ya kuisindikiza. Beti tatu zinampitisha mtu katika utoto, ujana na uzee, na kiitikio kinawapokea wote. Gitaa linapoingia mwishoni, lina nafasi yote kwa ajili yake. Kipande cha mwisho cha solo kinasikika mara tatu, lakini May hakukipiga mara tatu, kilirudiwa kwa kanda. Kisha wimbo unakatika ghafla.

Ulitoka Oktoba 1977, upande wa pili wa santuri ya "We Are the Champions", iliyofika nafasi ya 2 Uingereza na ya 4 Marekani. Katika tamasha la Live Aid la 1985 uliimbwa Wembley, na mwaka 2012 May na mpiga ngoma wa Queen, Roger Taylor, waliupiga na mwimbaji Jessie J kwenye sherehe ya kufunga Olimpiki ya London. Uwanjani hesabu ya namba tasa haihitajiki tena, maana umbali kati ya watu unafanya kazi hiyo wenyewe.

Somo liko wazi kwa watayarishaji wetu wanaotunga nyimbo za vilabu vya soka. Wengi huanza kwa kujaza: tarumbeta, kwaya, ngoma za kompyuta, maneno mengi. Shabiki aliye jukwaani hana pa kuingilia. May alianza kwa kuuliza shabiki anaweza nini, akampa kazi tatu, na akamwachia nafasi moja katika kila nne.